Kuvua kamba hakuharibu upinde

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu hapa Tanga unadai upinde wa mti uachwe na kamba siku zote, eti ukiivua unalegea. Si kweli. Mti ukikaa umepindwa huzoea ule mpindo, na mshale haufiki ulikokuwa ukifika. Pima mwenyewe: vua kamba, ncha zote mbili ziguse ukuta, tia alama pengo la katikati. Ulaze na kamba usiku kucha, vua, pima tena. Pengo likiongezeka, ndiyo nguvu inavyopotea. Wengi hudanganywa na picha za wawindaji wenye pinde zilizofungwa kamba. Wale wako kazini, lazima upinde uwe tayari. Jamani, tusiusambaze ujumbe huo tena. Ukimaliza kulenga, kunja upinde taratibu ili kamba ilegee, kisha teremsha kitanzi cha juu cha kamba.