Ukili kabla ya hamu

Kila wiki hunijia mtu aliyeshika kifua. Kashapima moyo, kashapima malaria, kote wamemwambia yuko salama. Nikimwuliza anaumwa nini, hunijibu kwa neno moja: mawazo. Wapo wanaomaanisha shida za maisha tu. Lakini wapo wanaoamka saa tisa usiku wasilale tena, chakula kimewapotezea ladha, mtoto akilia hawana nguvu ya kuinuka. Hiyo ni sonona, na wengi wao huniuliza kama kuna tiba zaidi ya vidonge. Ipo. Mimi ni mwanasaikolojia tiba, na ninayoitegemea zaidi ni kazi ya mikono.

Sonona humshawishi mtu ajitenge apumzike. Anaacha kwenda sokoni, anaacha vikoba, mwisho hata kuoga kunakuwa mzigo. Kila anachokiacha kilikuwa kikimpa raha kidogo au sababu ya kuamka, kwa hiyo moyo unazidi kuzama, naye anazidi kuacha. Duara hilo tunalikata kwenye tendo. Simwambii mtu afurahi. Namwambia: kesho saa mbili asubuhi, ukishakunywa chai, fanya jambo hili dakika kumi, uwe na hamu usiwe nayo. Hamu huja nyuma. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2016, wenye wagonjwa 440, ulionyesha kuwa njia hii, ikiongozwa na wahudumu wasio wabobezi wa tiba ya mazungumzo, haikuzidiwa na tiba ya wabobezi wenyewe.

Kuna bi mkubwa mmoja (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike) aliyefiwa na mwanawe akaacha kusuka. Hatukuanza na mkeka. Siku ya kwanza kazi yake ilikuwa kulowesha ukindu, yaani majani ya mkindu ya kusukia, basi. Siku ya pili kuuchana. Ya tatu kusuka ukili, ule ukanda unaoshonwa kuwa mkeka, shibiri moja. Aliyewahi kusuka anajua: unyuzi mmoja ukikaribia kwisha unachomeka mwingine, na usipohesabu, ukili unapinda. Akili inayohesabu nyuzi haina nafasi kubwa ya kurudia yale yale ya usiku. Baada ya wiki kadhaa majirani wawili walikuwa wakikaa naye barazani wakisuka, na kwa maoni yangu hao ndio waliomtibu kuliko ukindu.

Tiba hii si ngeni kwetu. Lutindi, kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga, palianza 1896 kama makao ya watoto waliotolewa utumwani, baadaye pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na kazi za shamba la chai, bustani na useremala zimekuwa sehemu ya matibabu. Nigeria nako, 1954, daktari Thomas Adeoye Lambo aliwapanga wagonjwa wa hospitali ya akili ya Aro wakae vijijini na ndugu zao, akashirikiana na waganga wa kienyeji.

Hapo ndipo huulizwa kuhusu kombe (maji yaliyooshea aya zilizoandikwa, ya kunywa) na kuzinguliwa, yaani kusomewa ili kuondolewa mashetani au uchawi. Kama kisomo kinakutuliza, endelea nacho. Sikubali mgonjwa apigwe, afungwe minyororo au anyimwe chakula. Na naomba uniambie kila unachokunywa, bila kuogopa nitakugombeza. Mmea uitwao St John's wort, unaouzwa kama dawa asilia ya huzuni, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya baadhi ya ARV, dawa za VVU. Ukichanganywa na dawa za sonona kama fluoxetine, unaweza kuleta homa, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Neno "asilia" halimaanishi haina madhara. Wala usiache vidonge ghafla kwa sababu umeanza kusuka.

Anayesikia sauti, anayewaza kujiua, au aliyekaa siku bila kula, huyo tafadhali mpelekeni hospitali leo hii, na asiachwe peke yake njiani.

Wengine, anzeni na kazi ambayo mikono yenu ilikuwa ikiijua kabla ya ugonjwa: kupalilia, kushona, kukuna nazi. Iandikie saa. Ikikushinda siku mbili mfululizo, ipunguze nusu. Badala ya kufua nguo zote, fua kanga moja, uianike mwenyewe juani.