Je, wajua kwa nini lugha za Waberberi zimebaki kama visiwa?

Mwombe maji mkulima wa tende wa Siwa, oasisi iliyo magharibi kabisa mwa Misri, naye atayaita aman. Kisha safiri kuelekea machweo ya jua zaidi ya kilomita 4,000, mpaka kusini-magharibi mwa Mauritania, ukamtafute mzee anayezungumza Kizenaga. Yeye naye, kwa tofauti ndogo ya matamshi, atakuambia aman. Milima ya Atlasi, neno ni hilo. Kwa Watuareg wa Sahara, ni hilo hilo. Wao wana msemo wao, aman iman, maji ni uhai. Na kama maji yetu, aman ni neno la wingi lisilo na umoja wake.

Ni neno la lugha za Waberberi, wenyeji wa kale wa Afrika Kaskazini, lakini usidhani kwamba utazisikia lugha hizo njia nzima. Utapita siku kadhaa ukisikia Kiarabu kitupu, halafu utapanda mlima na ghafla watu wote sokoni wanaongea Kiberberi. Ukishuka upande wa pili, Kiarabu tena. Ramani ya lugha hizi ni bahari yenye visiwa, vingine vikubwa kama nchi, vingine kijiji kimoja. Imekuwaje?

Kwanza tuwekane sawa kuhusu jina. "Berberi" ni jina la kupewa. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba linatokana na neno la Kigiriki kwa mtu ambaye maneno yake hayaeleweki. Wenyewe wengi leo hupenda kujiita Imazighen. Msomaji wa Kiswahili hapa yuko nyumbani: mtu mmoja ni Amazigh, wengi ni Imazighen, na lugha yao ni Tamazight, sawa na Mswahili, Waswahili na Kiswahili. Tofauti ni kwamba sisi tunatanguliza ki- peke yake, ilhali wao hulikumbatia neno pande zote mbili, ta- mwanzoni na -t mwishoni. Ndiyo maana majina ya lugha hizi yanafanana: Taqbaylit ya Wakabyle wa Aljeria, Tarifit ya milima ya Rif, kaskazini mwa Moroko, Tashelhit ya kusini mwa Moroko. Ni lugha ndugu, si lahaja za lugha moja tu. Mtu wa Rif na mtu wa Siwa wakikutana hawataweza kupiga soga, ingawa wataokota neno moja moja. Ukoo wenyewe ni wa Kiafro-Asia, ukoo mkubwa wenye Kiarabu, Kihausa, Kisomali, na hata Kiiraqw cha Mbulu, Tanzania.

Zamani kisiwa hakikuwapo; lilikuwapo bara. Kabla ya karne ya 7, lugha za Kiberberi zilizungumzwa kuanzia magharibi mwa Misri hadi Atlantiki. Mijini zilichanganyika na Kifoinike na Kilatini, lakini mashambani zilitawala. Huko Dougga, Tunisia, lilipatikana jiwe la mwaka 138 kabla ya Kristo lenye maandishi ya pande mbili, Kifoinike cha Karthago na lugha ya wenyeji, kwa heshima ya Mfalme Massinissa.

Wengi hufikiri kwamba Waarabu walipokuja, lugha ilikufa papo hapo. Haikuwa hivyo. Waarabu walianzisha mji wa Kairouan, huko Tunisia, mwaka 670, na Uislamu ulienea haraka, lakini lugha ya Kiarabu ilibaki kwa muda mrefu mambo ya mijini, misikitini na kwenye vitabu. Waberberi wenyewe walijenga dola za Kiislamu zilizotawala hadi Hispania, na Ibn Tumart, aliyeanzisha katika karne ya 12 vuguvugu la Almohadi, lililozaa mojawapo ya dola hizo, aliwahubiria watu wake kwa Kiberberi.

Kilichobadili ramani ni kondoo na ngamia. Katikati ya karne ya 11, makabila ya Kibedui ya Banu Hilal, na Banu Sulaym pamoja nao, yalianza kuhamia magharibi kutoka Misri. Hawa hawakuwa jeshi la kupigana na kurudi kwao. Walikuja na wake, watoto na mifugo, na mfugaji hutafuta malisho. Kwa hiyo walienea tambarare. Vizazi vikapita, watu wakaoana, masoko yakachanganyika, na nyanda zikageuka kuongea Kiarabu, tena nyingi bila amri ya mtu yeyote. Hata leo Waarabu wengi wa Afrika Kaskazini ni wajukuu wa Waberberi waliobadili lugha, jambo ambalo mimi naona halisemwi vya kutosha.

Mlimani hadithi ilikuwa nyingine, maana mlima ulikuwa ngao ya kwanza ya lugha. Mbedui hana haja na mteremko wa mawe, na mtoza kodi huchoka kabla ya kufika kileleni. Ukiichukua ramani ya lugha na ramani ya vimo, utaona zinalingana: Rif, Atlasi, Kabylia na Aurès za Aljeria, Nafusa ya Libya. Tambarare zimebakiwa na majina tu. Mji wa Tetouan, kaskazini mwa Moroko, jina lake lina maana ya macho au chemchemi kwa Kiberberi, lakini leo ni mji wa Kiarabu. Majina ya mahali ni kama makaburi ya lugha. Hayaongei, ila yanaonyesha nani alilala pale.

Ngao ya pili ilikuwa imani, na hapa wasomaji wa Unguja, Pemba na Muscat watakuwa na la kukumbuka. Angalia visiwa vidogo vya lugha: bonde la Mzab katika jangwa la Aljeria, kisiwa cha Djerba huko Tunisia, milima ya Nafusa na mji wa Zuwara huko Libya. Vyote ni vituo vya kale vya Ibadhi, madhehebu ya Kiislamu ambayo ndiyo ya Oman na ya masultani wa Unguja. Jamii ndogo ya madhehebu yake, inayooana yenyewe kwa yenyewe na kuendesha mambo yake kwa baraza la masheikh, ilihifadhi na lugha pia. Uhusiano na kwetu si wa kubuni. Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyish, mwanazuoni mkubwa wa Mzab aliyefariki mwaka 1914, aliandika tafsiri ya Qur'ani iliyochapwa Unguja, katika mitambo ya uchapaji iliyoanzishwa na Sultan Barghash. Kitabu cha Mberberi wa jangwani kilipigwa chapa katika kisiwa cha karafuu.

Ngao ya tatu ni jangwa lenyewe. Watuareg ndio pekee ambao lugha yao imetandaa bila kukatwakatwa: kusini mwa Aljeria, kusini-magharibi mwa Libya, Niger, Mali, hadi kaskazini mwa Burkina Faso. Eneo ni kubwa mno, watu ni wachache, milioni chache tu, na wengi wao wako Niger na Mali. Hao ndio waliotunza Tifinagh, herufi za kale za Waberberi, mpaka zikatufikia sisi.

Upande wa Mauritania ngao zilivunjika. Huko makabila ya Kiarabu ya Banu Hassan yaliwashinda Wazenaga katika vita vya Char Bouba, karne ya 17, na Kiarabu cha Hassaniya kikatawala. Kizenaga leo kina wazungumzaji wa kuhesabu kwa maelfu machache, wengi wao wakubwa kwa umri. Na kisiwa halisi cha baharini ndicho kilichopoteza kabisa. Visiwa vya Kanari vilikuwa na lugha ya Kiberberi hadi Wahispania walipoviteka kati ya 1402 na 1496. Imebaki kwenye majina ya mahali na maneno kadhaa, kama gofio, unga wa nafaka iliyokaangwa. Katika kisiwa cha La Gomera bado watu huzungumza kwa mbinja kutoka bonde hadi bonde, desturi waliyoirithi kwa wenyeji wa kale, lakini wanachokipiga mbinja leo ni Kihispania.

Sasa, wako wangapi? Hapa hesabu inakuwa siasa. Makadirio ya jumla hutofautiana kutoka takriban milioni 15 hadi zaidi ya milioni 30, na pengo hilo lina sababu. Aljeria, nchi ya pili kwa wingi wa wazungumzaji, haina takwimu rasmi za kutegemea. Wakabyle ndio wengi zaidi huko, kwa mamilioni, wakifuatwa na Wachaoui wa Aurès. Moroko huuliza. Sensa yake ya 2024 ilihesabu watu karibu milioni 36.8, na asilimia 24.8 wakaonekana kuongea mojawapo ya lugha hizi: Tashelhit asilimia 14.2, Tamazight ya Atlasi ya Kati 7.4, na Tarifit 3.2. Ukipiga hesabu unapata watu kama milioni 9, na zaidi ya milioni 5 kati yao ni wa Tashelhit. Wanaharakati walizikataa takwimu hizo, wakisema idadi halisi ni kubwa zaidi. Upande mwingine wa mizani kuna Siwa yenye watu kwa makumi ya maelfu, na Awjila ya mashariki mwa Libya yenye wazungumzaji wachache zaidi na hatari kubwa zaidi.

Jambo linaloniuma ni mwelekeo. Mwaka 2004 sensa ya Moroko ilionyesha karibu asilimia 28. Mwaka 2014, 26. Sasa chini ya 25. Na hii imetokea katika miaka ile ile ambayo lugha hizi zimepata heshima ambayo hazijawahi kupata. Mwaka 1980 huko Tizi Ouzou, mji wa Kabylia, serikali ya Aljeria ilipozuia mhadhara wa mwandishi Mouloud Mammeri kuhusu mashairi ya kale ya Kikabyle, watu waliingia barabarani na wengi wakafungwa. Leo Tamazight ni lugha rasmi kikatiba, Moroko tangu 2011 na Aljeria tangu 2016, na mwaka mpya wa Kiamazigh ni sikukuu ya taifa katika nchi zote mbili.

Basi mbona idadi inashuka? Kwa sababu watu wameshuka mlimani. Wenye maduka ya rejareja wa Casablanca wanajulikana kote nchini kuwa watu wa Souss ya kusini mwa Moroko, wazungumzaji wa Tashelhit. Algiers imejaa Wakabyle, Paris pia, na Warifi walifuata kazi Ubelgiji na Uholanzi tangu miaka ya 1960. Kijijini mtoto aliijua lugha kwa sababu hapakuwa na nyingine. Mjini anaisikia kwa mama, lakini mtaani ni Kiarabu cha Moroko au cha Aljeria, na shuleni ni Kiarabu sanifu na Kifaransa. Siwa yenyewe ilifikiwa na barabara ya lami kutoka Marsa Matruh katika miaka ya 1980.

Shule zimeanza kufundisha Tamazight, Moroko tangu 2003, ila bado hazijafikia watoto wengi. Na nchi mbili hizi hazikuandika kwa mkono mmoja. Moroko ilichagua Tifinagh, na ukitembea Rabat utaiona kwenye vibao vya ofisi za serikali. Wakabyle wengi huandika kwa herufi za Kilatini, na wako Waaljeria wanaotaka za Kiarabu. Mtoto wa Agadir anaandika ⴰⵎⴰⵏ, mwenzake wa Tizi Ouzou anaandika aman, na wote wawili wanaomba kikombe kile kile cha maji.