Je, wajua kwa nini ndege hufyatua risasi 65 kwa sekunde na gari la deraya tatu tu, ilhali risasi ni ile ile?

Miongoni mwa risasi za mizinga ya rashasha, ile ya milimita 30 yenye ganda la urefu wa milimita 173 ina sifa ya pekee, kwani hutumika angani, baharini na nchi kavu. Ndege ya kivita ya Marekani aina ya A-10 huifyatua takriban mara 65 kwa sekunde, ilhali mzinga wa Mk44 Bushmaster II, unaofungwa kwenye magari ya deraya kama Rosomak ya Poland, huifyatua mara 200 hivi kwa dakika. Tofauti hiyo inatokana hasa na muda alio nao mpigaji wa kuilenga shabaha.

Rubani wa A-10 anapoishukia shabaha husafiri zaidi ya mita 100 kila sekunde, hivyo hupata sekunde moja au mbili tu za kufyatua kabla ya kulazimika kuinua pua ya ndege. Katika muda huo mfupi ni lazima amimine risasi nyingi iwezekanavyo, kwa kuwa kutoka umbali wa kilomita moja hivi zitatawanyika, na ni chache tu kati yake zitakazogonga kifaru. Mtutu mmoja usingestahimili joto la kasi hiyo. Ndiyo maana mzinga wake, GAU-8/A, una mitutu saba inayozunguka, ambapo kila mmoja hufyatua mara tisa hivi kwa sekunde na kupata nafasi ya kupoa kidogo kabla ya zamu yake kurudi.

Kasi hiyo ina gharama. Kila risasi hutoka na nishati ya karibu jouli 200,000, na msukumo wa nyuma wa mfululizo mzima hufikia takriban kilonyutoni 45, nguvu ambayo ingeipinda pua ya ndege upande kama ingetoka nje ya mstari wa katikati. Kwa hiyo mtutu unaofyatua umewekwa kwenye mstari huo hasa, na gurudumu la mbele likasogezwa kulia ili kuupisha mzinga. Maganda ni ya alumini ili kupunguza uzito, na yakishatumika hayatupwi nje, bali hurudishwa kwenye pipa la risasi yasije yakaigonga ndege au kuingia kwenye injini. Kwangu mimi, uamuzi huo wa kuyarudisha unaonyesha ustadi mkubwa kuliko hata mitutu saba yenyewe. Pipa hilo hubeba risasi 1,174, ambazo zingekwisha kwa sekunde 18 tu.

Manowari zenye Goalkeeper, mfumo wa kujikinga na makombora uliobuniwa Uholanzi, hutumia mzinga huo huo kwa sababu inayofanana: kombora linalokuja kwa mita 300 kwa sekunde humaliza kilomita moja na nusu za mwisho kwa sekunde tano.

Gari la deraya halina haraka hiyo. Linaweza kusimama, kupima umbali kwa leza, kufyatua risasi mbili au tatu, kuona zilipoangukia, kisha kurekebisha. Tena lina nafasi ya risasi mia chache tu, ambazo kwa kasi ya GAU-8/A zingekwisha katika sekunde chache. Mk44 una mtutu mmoja, na mnyororo unaoendeshwa na mota ya umeme ndio unaofungua na kufunga komeo lake, yaani kipande kinachoziba mtutu kwa nyuma, hivyo hata risasi ikikataa kulipuka, mota huitoa na kuingiza nyingine.