Kabla ya sururu ya kwanza: dhana potofu kuhusu kuchimba penye nyaya na mabomba

Mvua zikiisha Dar es Salaam, mitaro hufunguka kila kona. Huyu anaweka msingi wa ukuta, yule anachimba shimo la choo, mkandarasi wa kampuni ya simu anapitisha mkongo, na hatua chache kutoka hapo mafundi wa maji wanatafuta bomba linapovujia. Wote wanachimba ardhi ileile. Ndani yake mna nyaya za umeme, mabomba ya maji safi na majitaka, mikongo ya mawasiliano na, tangu gesi ya Songo Songo ilipofika jijini mwaka 2004, mabomba ya gesi pia. Anayechimba bila kuuliza anahatarisha roho yake na za majirani zake, na mara nyingi hafanyi hivyo kwa ujeuri. Kuna mambo anayaamini, na mambo hayo si ya kweli.

"Kiwanja changu, hati ninayo. Nimuulize nani?"

Hati inakupa haki ya kuitumia ardhi. Haikuambii kilichozikwa ndani yake. Bomba la mtaa linaweza kuwa lilipitishwa hapo kabla eneo halijapimwa viwanja. Jirani aliyevutiwa maji miaka mingi iliyopita, wakati kiwanja chako bado ni kichaka, huenda laini yake ilikatiza humohumo ili kupunguza gharama ya bomba. Ukitoka nje ya ukuta, mambo yanazidi: kwa barabara kuu na za mikoa nchini Tanzania, hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na ukanda huo ndio mashirika huutumia kupitisha miundombinu yao. Fremu za maduka, karo na mitaro ya maji ya mvua huchimbwa humohumo, mara nyingi na mtu ambaye hajamuuliza yeyote.

"Hakuna kibao, basi hakuna kitu."

Mabomba makubwa huwekewa vigingi na vibao kwenye mkuza wake, yaani ukanda wa ardhi linamopita bomba: bomba la mafuta la TAZAMA linalotoka Kigamboni hadi Ndola nchini Zambia, bomba la gesi la Mtwara hadi Dar es Salaam, na sasa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443. Lakini kibao kinasema tu kwamba bomba liko jirani. Hakisemi liko kina gani, wala hakikuhakikishii kwamba kati ya kigingi na kigingi limenyooka. Vibao vyenyewe hugongwa na magari, hufunikwa na majani, vingine hung'olewa vikauzwe chuma chakavu. Na laini ndogo za mitaani, ambazo ndizo nyingi, kwa kawaida hazina kibao chochote.

"Vitu hivyo viko chini sana, mimi nachimba kidogo tu."

Kebo ya umeme mdogo huzikwa takriban nusu mita. Shimo la nguzo ya uzio huenda kina hicho au zaidi. Halafu kina cha siku ya kuzika si kina cha leo. Greda likishusha barabara, au mvua ikichukua udongo kwenye miteremko kama ya Kimara, bomba lililokuwa kiunoni linabaki kwenye kifundo cha mguu. Kuna mitaa ambayo mipira ya maji imelala juu kabisa na watoto wanairuka wakienda shule.

Ardhi huwa inatoa dalili, na kila anayeshika sururu anastahili kufundishwa kuzisoma. Udongo uliowahi kuchimbwa ni laini na umechanganyika: mwekundu na mweusi pamoja, vipande vya matofali, mfuko wa plastiki kwenye kina ambacho takataka haifiki yenyewe. Ukiwa kwenye udongo mwekundu ukakutana ghafla na mchanga msafi, mweupe au wa manjano, simama. Mchanga ule haukujileta. Fundi aliumwaga ili kebo au bomba lisilalie mawe. Safu ya matofali au vigae vya saruji vilivyopangwa kwa mstari ina maana hiyohiyo. Utepe wa plastiki wenye maandishi ya tahadhari huwekwa sentimita kama 30 juu ya laini yenyewe, kwa hiyo ukiuona, bado una nafasi ya kuokoka. Kinachosikitisha ni kuuona utepe huo umekatwa na sururu na kutupwa juu ya kifusi, huku kazi ikiendelea.

"Nachimba kwa mkono, si kwa kijiko. Mkono hauna madhara."

Mtambo unaharibu zaidi, hilo halina ubishi. Lakini mtarimbo uliochongoka, ukishushwa kwa nguvu za mtu mzima, unatoboa kebo bila shida. Machi 2011, nchini Georgia kule Kaukazi, bibi wa miaka 75 aliyekuwa akitafuta shaba ya kuuza alikata mkongo kwa chombo cha mkononi, na sehemu kubwa ya nchi jirani ya Armenia ikakosa intaneti kwa saa kadhaa. Wanaofukua mikongo kwetu kwa tamaa ya shaba wajue pia kwamba mkongo hupitisha mawasiliano kwa nyuzi za kioo, na kioo hicho hakuna anayekinunua kwa kilo. Wasiuchungulie ncha yake iliyokatika, maana mwanga unaopita humo hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru.

"Nimevaa gambuti, umeme hauniwezi."

Hii imewaponza wengi. Mtu anadhani hatari ya umeme ni kupigwa shoti tu, kwamba mpira ukizuia njia ya kwenda ardhini amepona. Mtarimbo ukitoboa kebo ya umeme mkubwa, umeme huruka kati ya waya na waya, na kati ya waya na udongo, kwa mwako wa maelfu ya nyuzi joto. Shaba huyeyuka na kurushwa, hewa hupanuka kwa kishindo. Walioumia katika ajali za namna hii, wengi wameungua uso, mikono na kifua. Gambuti haikingi uso.

Na umeme ukikatika mtaa mzima baada ya pigo lako, usiseme "imekufa, tuendelee." Anayeendesha laini huko kituoni hajui kama wewe uko ndani ya mtaro. Anaweza kuurudisha wakati wowote. Toka, zuia watu wasisogee, piga simu TANESCO au shirika la umeme la nchi yako. Mwendesha kijiko akigusa kebo abaki ndani ya kibanda chake mpaka aambiwe umeme umezimwa. Kama moto unamlazimisha kushuka, aruke miguu yote miwili pamoja bila kushika mtambo, kisha asogee kwa hatua fupi za kuburuza, kwa sababu ardhi yenyewe inayomzunguka inaweza kuwa na umeme.

"Tumepita na kipimo, hakikulia."

Kipimo cha kawaida kinatafuta chuma au nyaya zenye umeme unaotembea. Mabomba mengi ya siku hizi, ya maji na ya gesi ya mitaani, ni ya plastiki, na kipimo hicho hakiyaoni isipokuwa fundi aliyelaza bomba aliweka waya wa kulifuatilia. Kebo ambayo haitumiki kwa wakati huo nayo inaweza kunyamaza. Ramani ni muhimu na lazima uiombe, ila bomba lililochorwa mita moja kutoka ukingo wa barabara halikusogea barabara ilipopanuliwa. Uhakika unapatikana kwa kufukua taratibu kwa koleo mashimo madogo ya majaribio, mpaka uione laini kwa macho yako.

"Gesi ikivuja nitasikia harufu."

Gesi asilia haina harufu. Ile harufu kama ya mayai viza ni kemikali inayoongezwa, na udongo unaweza kuinyonya kemikali hiyo gesi inapopita ndani yake. Tatizo kubwa zaidi ni tabia ya kufukia. Mtu anasikia "fyuu" mtaroni, anaogopa, anarudishia udongo haraka. Gesi iliyofukiwa haibaki pale. Inatambaa chini ya saruji na lami, inafuata mtaro, inaingia kwenye chemba na kutokea ndani ya nyumba ya mtu. Ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa ya chumbani, cheche ya swichi inatosha kulipua. Wakazi wa Mikocheni, Mtwara na Lindi waliounganishiwa gesi majumbani wana sababu ya kulijua hili kuliko wengine. Ukilitoboa bomba, liache wazi, acha mtambo, waondoe watu kuelekea upepo unakotoka, na simu upige ukiwa mbali.

"Nimelikwaruza tu, halivuji. Funika."

Kama kuna dhana moja ningetamani ifutike kabisa, ni hii.

Mwaka 1994, mjini Bellingham, jimbo la Washington nchini Marekani, wachimbaji waliokuwa kwenye kazi ya mtambo wa kusafisha maji walilijeruhi bomba la mafuta. Halikuvuja. Tarehe 10 Juni 1999 lilipasuka palepale lilipojeruhiwa, baada ya msukumo wa mafuta kupanda ghafla. Petroli ikamwagika kwenye kijito na kuwaka. Wavulana wawili wa miaka 10 na kijana mmoja wa miaka 18 wakafa. Wachunguzi walikuta makosa mengine pia katika uendeshaji wa bomba, lakini mwanzo wake ulikuwa jeraha lililokaa ardhini miaka mitano.

Ubelgiji nayo ina Ghislenghien. Tarehe 30 Julai 2004, bomba kubwa la gesi lililokuwa limekwaruzwa na mtambo wa ujenzi wiki chache kabla lililipuka baada ya msukumo kuongezwa. Watu 24 walikufa, wakiwamo wazima moto waliokuwa wameitwa kushughulikia uvujaji, na zaidi ya 130 waliumia.

Sababu inaeleweka. Bomba la chuma limevishwa gamba la kulizuia lisipate kutu. Ukilitoboa gamba, kutu imepata mlango. Ukilibonyeza chuma chenyewe, pale palipobonyea panabeba mzigo wa msukumo unaopanda na kushuka kila siku, mpaka ufa unaanza. Mchimbaji ameshalipwa na kuondoka. Anayeishi juu ya lile jeraha hana habari.

Kwa hiyo mkwaruzo wa kina cha ukucha unatolewa taarifa sawasawa na tundu. Mwenye bomba atakuja, atalipima, atalifunga upya au atalikata kipande. Usilifukie kabla hajaliona.

"Bomba la maji si hatari, ni maji tu."

Huku kwetu labda hili ndilo linaloumiza watu wengi zaidi, kimyakimya. Bomba likikatwa, msukumo unashuka. Wakati wa mgao unashuka hadi sifuri. Hapo bomba linaanza kuvuta badala ya kusukuma, na mitaa yenye pampu za umeme zilizofungwa moja kwa moja kwenye laini inavuta zaidi. Kinachovutwa ni kile kilichojaa kwenye mtaro: tope, maji ya karo, na yale yanayotoka kwenye shimo la choo lililo mita chache kutoka hapo. Maji yakirudi, uchafu huo unasafiri hadi kwenye ndoo ya mtu wa mtaa wa tatu ambaye hata hajui kulikuwa na mtu anachimba. Kipindupindu na homa ya matumbo hupita njia hii.

Na ule mtindo wa kufunga tundu kwa mpira wa tyubu na kufukia haukati njia hiyo. Unaizuia kuonekana. Mpira unazuia maji yenye msukumo yasitoke kwa wingi. Hauzuii maji machafu kuingia msukumo ukifa. Waite mamlaka ya maji. Waambie majirani wayaache maji yatiririke mpaka yawe safi kabisa, na ya kunywa wayachemshe mpaka mafundi wamalize kulisafisha bomba.

"Kibarua ndiye mzembe, yeye ndiye aliyepiga."

Hapana. Kijana anayelipwa kwa mita, anayejua asipofikisha mita zake atalala njaa, hawezi kuwa ndiye wa kufuatilia ramani ofisini. Ni kazi ya mwenye nyumba, fundi mkuu au mkandarasi. Kumpa mtu mtarimbo na kumwonyesha mstari wa kuchimba, wakati hujui kilicho chini ya mstari huo, ni kumtuma akafe kwa niaba yako. Halafu mnamkata fidia kwenye ujira wake! Ukimfanyia hivyo mara moja, safari ijayo atalifukia bomba alilolikwaruza.

"Kuuliza kunachelewesha kazi."

Marekani wana namba moja ya simu, 811, tangu mwaka 2007. Unapiga siku chache kabla ya kuchimba, wenye laini wanakuja kuchora rangi juu ya ardhi bila malipo: nyekundu ni umeme, njano ni gesi na mafuta, chungwa ni mawasiliano, buluu ni maji ya kunywa, kijani ni majitaka. Kwetu inabidi uulize mlango kwa mlango: shirika la umeme, mamlaka ya maji, TPDC kwa gesi, TANROADS au TARURA kama unagusa barabara, na kampuni za simu. Inachosha, nakubali. Anza mapema basi, wakati tofali bado zinafyatuliwa.

Nenda na namba ya kiwanja na mchoro unaoonyesha unachimba wapi, urefu gani na kina gani. Mwaga chokaa kwenye mstari wa mtaro wako ili mafundi wao wakifika waone bila kubahatisha. Muulize mjumbe na wazee wa mtaa, maana wengi wanakumbuka mtaro wa mwaka fulani ulipita nyuma ya nyumba ya nani. Tazama mita za maji, chemba, na nguzo ambazo waya wake unashuka ukaingia ardhini: kila kimoja kina laini inayokwenda mahali. Wakishakuonyesha, acha kijiko mbali angalau sentimita 60 kila upande wa alama, au zaidi wakikuambia zaidi, na sehemu hiyo ichimbwe kwa koleo, kwa zamu, mtu mmoja akiwa juu kuangalia udongo unabadilika rangi wapi.