Sindano ya mtoto ina kilo zake na saa zake

Mtoto akilazwa kwa nimonia kali, homa ya uti wa mgongo au maambukizi ya damu, swali la kwanza la wazazi huwa: dawa ipo? Sisi wafamasia wa wodi tuna wasiwasi mwingine. Dawa huweza kuwepo, tena ni ile ile inayotakiwa, ikakosewa kipimo au saa.

Chukua jentamaisini, dawa ya sindano ya kuua bakteria. Kichupa chake cha kawaida kina miligramu 80 ndani ya mililita 2. Kichanga wa kilo 3.2, katika wiki yake ya kwanza, hupewa miligramu 5 kwa kila kilo, yaani 16, ambazo ni mililita 0.4 tu. Nukta ikififia kwenye karatasi, 0.4 ikasomwa 4, amechomwa dozi iliyozidi mara kumi. Ndiyo maana ni vyema wauguzi wawili wapige hesabu, kila mmoja kivyake. Nawe mama, ukiuliza "leo ana kilo ngapi?" humsumbui mtu.

Jentamaisini hutolewa mara moja kwa saa 24, kwani ikirundikana huumiza figo na masikio, na masikio yakishaharibika hivyo aghalabu hayaponi. Penisilini ya sindano ni kinyume: hutoka mwilini upesi, kwa hiyo mtoto aliyevuka umri wa uchanga huichomwa kila saa 6, usiku pia. Kanula, kile kimrija cha mshipani cha kupitishia dawa, ikiziba usiku na dozi ikangoja asubuhi, bakteria wamepewa nafasi. Mkono ukivimba, mwite nesi papo hapo.

Kwetu Lamu kuna na habari ya bahari. Mtoto hudungwa sindano ya kwanza zahanati huko Faza au Kizingitini, kisha huvushwa kwa boti. Barua ya rufaa isipotaja saa, wodini tunabaki kukisia: turudie au tungoje? Yote mawili yana hatari. Kabla ya kupanda boti, omba iandikwe dawa, kiasi na saa. Chukua pia dawa za dukani na za miti shamba alizotumia, hakuna atakayekugombeza.

Na ukitumwa kununua seftriaksoni, nayo ni sindano ya kuua bakteria, nje ya hospitali, ilete na boksi lake. Baadhi huja na maji ya kuchanganyia yenye lidokeini, dawa ya ganzi, ya sindano ya msuli peke yake. Hayo hayaingizwi kwenye mshipa kabisa.