Pete ya Kito: Uliza Bei Tatu, Si Moja

Mteja akiniletea pete aliyokwisha kuinunua kwingine, swali lake huwa lile lile: "Fundi, nimepigwa?" Na mara nyingi hawezi kunisaidia kumjibu, kwa sababu hajui alilipia nini. Aliambiwa pete ni milioni moja na nusu, akaomba ipungue, ikashuka hadi milioni moja na laki mbili, akaondoka akishangilia laki tatu alizookoa. Hakuuliza dhahabu iliyomo ni ya shilingi ngapi, jiwe ni la shilingi ngapi, na mkono wa fundi ni shilingi ngapi. Muuzaji anayetaja bei moja ya jumla ana pa kuficha faida kubwa. Akiivunja bei hiyo vipande vitatu mbele yako, maficho yanakwisha, na kupatana bei kunaanza hapo.

Dhahabu ndiyo kipande rahisi, hasa kwetu Mwanza. Geita ni kuvuka daraja la Kigongo–Busisi tu, na tangu 2021 tuna kiwanda cha kusafisha dhahabu hapa hapa mkoani. Bei ya dunia iko kwenye simu yako, kwa wakia ya gramu 31.1. Igawe upate bei ya gramu moja ya dhahabu safi, halafu uliza pete ni ya karati ngapi. Karati 24 ni dhahabu tupu, 18 ni asilimia 75, 9 ni asilimia 37.5. Kwa ndani utaona namba ndogo imegongwa: 750 kwa karati 18, 585 kwa 14, 375 kwa 9. Ukiona 925, hiyo ni fedha, hata kama imepakwa rangi ya dhahabu ikapendeza. Namba hiyo mtu yeyote mwenye nyundo anaweza kuigonga, kwa hiyo mwombe sonara aipime kwa asidi ukiwa umesimama pale. Sonara wa kweli hachukii ombi hilo.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme gramu ya dhahabu safi ni shilingi 300,000. Pete iko kwenye mizani, inasoma gramu 4.3, na jiwe lake ni la karati 1.5. Karati ya jiwe si ile ya dhahabu, ni uzito: karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo jiwe lenyewe ni gramu 0.3. Dhahabu ni gramu 4. Ikiwa ya karati 18, ndani yake mna gramu 3 za dhahabu safi, yaani 900,000. Ikiwa ya karati 9 ni gramu moja na nusu, 450,000. Muuzaji anayekupigia hesabu kwa gramu zote 4.3 za karati 18 anakuuzia jiwe kwa bei ya dhahabu, shilingi 67,500 za bure, kisha anakuuzia jiwe hilo hilo mara ya pili kwa bei ya jiwe. Wengi hufanya hivyo wala hawaoni haya.

Kwenye jiwe ndiko watu wanakoliwa.

Kwanza ondoeni dhana kwamba kwa kuwa vito vinachimbwa kwetu, basi hapa ni bei ya chini. Mgodi wa almasi wa Mwadui uko mkoa jirani, Shinyanga, na mwanajiolojia Williamson aliugundua mwaka 1940, lakini almasi ghafi za pale kwa miaka mingi zimeuzwa kwa zabuni Antwerp, Ubelgiji, na sehemu kubwa ya almasi za dunia hukatwa Surat, India. Almasi unayoiona kwenye kabati la duka Mwanza imeshapanda ndege, na umbali wa Mwadui haukupunguzii hata shilingi. Tanzanaiti nayo inatoka Mirerani, mkoani Manyara. Huku Kanda ya Ziwa sisi ni watu wa dhahabu.

Halafu kuna ile habari ya mwaka 2020, Saniniu Laizer alipoiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti kwa shilingi bilioni 7.7. Tangu hapo kila mwenye kipande cha buluu anajiona bilionea. Mawe yale mawili kwa pamoja yalizidi kilo 14. Jiwe la pete yako halifiki nusu gramu. Na tanzanaiti bei yake ni rangi: buluu au zambarau iliyokolea ni ghali, iliyopauka iko tele na haina sababu ya kukutoa jasho. Isogeze dirishani kwanza, kisha ilete chini ya balbu ya njano. Kwenye mwanga wa mchana itaelekea buluu, kwenye balbu itaelekea zambarau. Taa nyeupe za madukani huipamba buluu yake, ndiyo maana wakati mwingine mtu hufika nyumbani jioni akadhani amebadilishiwa jiwe.

Usikubali kulipa zaidi kwa maneno "hili halijachomwa". Karibu tanzanaiti zote za buluu sokoni zimechomwa, kwenye joto la nyuzi kama 500 hadi 600, na rangi yake haichuji. Hilo si kasoro. Kasoro ni rubi iliyojazwa kioo chenye risasi: kwa macho ni nyekundu, safi, kubwa, na bei inaonekana ya kutupa, kumbe sehemu yake ni kioo ambacho hata maji ya limao hukiharibu. Ukioneshwa rubi ya karati tatu kwa bei ya simu, jua ni hiyo, au ni rubi ya kiwandani. Rubi za kiwandani zimetengenezwa kwa zaidi ya miaka mia moja, si teknolojia ya jana.

Sasa jaribio ninalolipenda kuliko yote, na halihitaji kifaa. Weka jiwe ambalo bado halijafungwa kwenye pete juu ya gazeti, uso juu, ulitazame kutoka juu moja kwa moja. Ukiweza kusoma herufi kupitia katikati, jiwe limekatwa bapa, mwanga unapita chini badala ya kurudi machoni kwako, na kati yake patakuwa pamepooza hata ulisafishe vipi. Upande wa pili kuna mawe yaliyoachwa na tumbo nene chini. Mkataji hakutaka kupoteza uzito, kwa sababu uzito ndio unaouzwa. Unalipia karati mbili, lakini ukilitazama kwa juu lina upana wa jiwe la karati moja na nusu. Kwa hiyo uliza milimita, si karati peke yake. Almasi ya mviringo iliyokatwa vizuri, yenye kipenyo cha milimita 6.5, ni karati 1 hivi. Na bei ya kila karati huruka jiwe likifika namba kamili: la 0.92 na la 1.00 jicho haliyatofautishi, ila mfuko unayatofautisha. Mimi hununua la 0.92.

Yale mawe madogo ya pembeni yaulizie pia. Mara nyingi ni zirkonia za kiwandani, mawe ya kuiga almasi, wengine huziita almasi ya Marekani. Hazina ubaya kama umelipia zirkonia. Na siku hizi kuna almasi za maabara, ambazo ni almasi kweli, kaboni ile ile, na kipimo cha joto cha dukani hakizitofautishi na za mgodini. Bei yake imeanguka sana. Kwa hiyo swali "ni almasi kweli?" halitoshi, uliza imetoka ardhini au maabara, na jibu liandikwe.

Kama pete ni ya kuvaa kila siku na mvaaji anafua, anapara sato na kusugua masufuria, mimi simuuzii tanzanaiti bila kumwonya. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho almasi ina 10, yenyewe ni 6 hadi 7, mchanga wa kawaida ni 7, na ikigongwa vibaya hupasuka. Yakuti ya Umba au Tunduru ina 9. Spineli ya Mahenge ina 8, ingawa zile za waridi kali zimepanda bei mno. Kwa mwenye bajeti ndogo, rodolaiti ni jiwe linalodharauliwa bure: jekundu la kuelekea zambarau, haina kawaida ya kuchomwa, nayo ina 7 na kitu. Kwa wanaume wa Kiislamu wanaotaka akiki kwenye fedha, hapo jiwe si gharama, karibu bei yote ni ufundi. Akiki nyingi hutiwa rangi, isiwashtue.

Ufundi hauna fumbo kubwa. Pete ya kumiminwa kwenye umbo lililokwishapo iwe nafuu kuliko ya kuchorwa na kutengenezwa kwa mkono. Pitia maduka mawili matatu ya masonara mjini, utajua.

Ukishapata bei tatu, uliza la nne: "Nikiirudisha mwakani, utainunua kwa ngapi?" Wengi watataja dhahabu tu, kwa bei ya siku hiyo, jiwe hawalihesabu. Sikiliza vizuri. Mtu aliyekuambia jiwe ni la laki sita, halafu hataki kulinunua hata kwa laki moja, ameshakueleza mengi.

Cheti cha thamani kilichoandikwa na muuzaji mwenyewe kisikubabaishe. Cheti cha maabara ni kitu kingine: kinataja uzito hadi desimali mbili, vipimo vya milimita na kama jiwe limefanyiwa chochote. Jiwe tupu la kijana anayeuza kutoka mfukoni pale Makoroboi, mjini Mwanza, liache, kwa sababu biashara ya madini inahitaji leseni. Dukani dai risiti ya EFD, na kando yake karatasi yenye aina ya jiwe, karati zake, karati ya dhahabu na uzito wa pete.

Na kabla hujalipa, pima kidole jioni, kikiwa kimevimba kidogo kwa joto la mchana. Kupanua pete yenye tanzanaiti au zumaridi kunamlazimu fundi alitoe jiwe kwanza, maana moto wa kuchomelea unaweza kulipasua, na kazi hiyo inalipiwa upya. Muulize muuzaji kama marekebisho ya kwanza yamo kwenye bei, na kama yamo, ayaandike kwenye karatasi ile ile.