Gesi haielei juu ya maji, lakini kisima huacha alama

Nimeambiwa tena, na safari hii na msomi, kwamba visima vya bahari kuu mbele ya Lindi na Mtwara havihitaji ufuatiliaji wa kina kwa sababu kinachotafutwa huko ni gesi, nayo haiachi utando wa mafuta juu ya maji. Kwani nani alisema jibu liko juu ya maji? Kisima cha gesi nacho huchimbwa kwa tope lenye baraiti, madini mazito yenye bariamu, na vipande vya mwamba vinavyotolewa hutua sakafuni mwa bahari pamoja na tope hilo. Ndiyo maana tunapima bariamu katika mashapo ya sakafu hiyo, tunawachekecha wanyama wadogo wanaoishi ndani yake kwa chekeche ya milimita 1 na kuwahesabu kwa spishi.

Wenye dai hilo wakishakubali hayo, huomba fahirisi moja ya uanuwai, yaani namba moja inayojumlisha spishi ni ngapi na zimegawanyikaje, na hapo ndipo subira hunishinda. Huko Ekofisk, eneo la mafuta la Norwei katika Bahari ya Kaskazini lililogunduliwa mwaka 1969, uchambuzi uliochapishwa mwaka 1990 ulionyesha kwamba fahirisi ilitoa ishara karibu na majukwaa tu, ilhali kulinganisha spishi zote kwa pamoja kulifichua mabadiliko umbali wa kilomita 2 hadi 3. Kabla uchafu haujazidi, spishi dhaifu hupungua huku minyoo wastahimilivu wakiongezeka, na fahirisi huweza kubaki pale pale. Kijiji kikihamwa na wavuvi na kuhamiwa na wachuuzi wa idadi ile ile, mwenye kuhesabu vichwa ataandika kuwa hakuna kilichotokea.

Nakiri kwamba hata ulinganishaji wetu wa vituo vya sampuli, vya karibu na kisima na vya mbali, una tundu. Uvuvi hauruhusiwi ndani ya mita 500 kutoka kwenye jukwaa, kwa hiyo kituo cha karibu huepuka nyavu za kukokota, wakati kituo cha marejeo, tunachokiita safi, huenda kinalimwa na nyavu hizo mwaka baada ya mwaka. Tofauti ikionekana, ni ya tope au ya nyavu? Sampuli zilizochukuliwa kabla ya kuchimba husaidia, ingawa za msimu mmoja haziwezi kuonyesha jinsi sakafu inavyobadilika yenyewe.

Kwa hiyo ripoti isiyoambatanisha orodha ya spishi na hesabu zake kwa kila kituo, mimi huirudisha kwa mwandishi kabla sijasoma hitimisho lake.